SOMO: Jibu lako ni sahihi ila mfumo unalikataa? Pita hapa kwanza kabla hujauliza

Wakuu, habari za saa hizi. Nimechoka, sifichi. Kila wiki ni swali lilelile: "Nimekokotoa vizuri, nimehakikisha kwenye kikotoo, lakini mfumo wa kazi za nyumbani umeniandikia nimekosa." Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena nitamrushia kiungo cha uzi huu na kuendelea na shughuli zangu.

Nazungumzia mifumo ambayo mashine ndiyo inasahihisha hesabu, fizikia na kemia: WeBWorK, maswali ya STACK ndani ya Moodle (jukwaa la masomo mtandaoni), na jamaa zao. Hazifanani kwa kila kitu, lakini zote zina tabia moja: zinasahihisha ulichoandika. Ulichokuwa nacho kichwani hazikioni.

HATUA YA 1. Ingia kwa akaunti yako. Usicheke, kuna mtu alifanya zoezi zima kwenye akaunti ya mwenzake kwa kuwa walikuwa wanatumia kompyuta moja.

HATUA YA 2. Soma maelekezo ya swali hadi nukta ya mwisho. "Jibu liwe sehemu", "desimali tatu", "tenganisha majibu kwa mkato". Hayo hayakuwekwa kupamba ukurasa.

HATUA YA 3. Usinakili namba za mwenzako. Mara nyingi mfumo humpa kila mmoja namba zake. Swali moja, njia moja, majibu tofauti.

HATUA YA 4. Kokotoa kwenye karatasi na usikate desimali katikati ya safari. WeBWorK kwa kawaida huvumilia tofauti ya asilimia 0.1 ya jibu sahihi, kama mwalimu hakubadilisha. Jibu likiwa 1/3 nawe ukaandika 0.33, umepotea kwa asilimia 1, yaani mara 10 ya kile kinachovumiliwa. Kama swali halikudai desimali, andika 1/3 uachane nayo. Mashine inajua kugawanya.

HATUA YA 5. MABANO. Hapa kaa chini tuelewane, kwa sababu hapa ndipo nilipoungua mimi mwenyewe.

Nilikuwa na majaribio 5. Kwenye karatasi jibu langu lilikuwa sehemu safi kabisa: juu x jumlisha 1, mstari, chini x kutoa 2. Nikaandika:

x+1/x-2

Nimekosa. Nikasema labda mashine inataka nafasi ili ione kipi kiko juu na kipi kiko chini. Nikaandika x + 1 / x - 2. Nimekosa tena. Nafasi haina maana yoyote kwa mashine, ni sawa na kuvuta pumzi katikati ya sentensi. Jaribio la tatu nikaweka mabano juu tu: (x+1)/x-2. Nimekosa. Hapo nikaingiwa na shaka na hesabu yenyewe, nikaanza kubadilisha jibu lililokuwa sahihi. Mawili yaliyobaki yakaenda hivyo. Kisha, na hili linaniuma hadi leo, nikamwandikia mwalimu barua pepe ndefu ya kulalamika kwamba mfumo ni mbovu. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Weka 3 badala ya x kwenye ulichoandika."

Fanya nawe. Jibu la karatasini, x ikiwa 3: juu 4, chini 1, inakuja 4. Nilichoandika mara ya kwanza: 3 + 1/3 - 2, inakuja 4/3. Cha mara ya tatu: 4/3 - 2, yaani hasi 2/3. Vitu vitatu tofauti kabisa! Mashine hugawanya na kuzidisha kwanza, kujumlisha na kutoa baadaye. Ule mstari mrefu wa sehemu, ambao karatasini unakusanya vitu juu na chini bila kuambiwa, ukiandikwa kwa mkwaju (/) unapoteza kazi hiyo. Mabano ndiyo yanaichukua:

(x+1)/(x-2)

Tahadhari zinazotokana na hapo:

Asili ya sehemu ikiwa na zaidi ya kitu kimoja, ifunge. 1/2x usiiandike kamwe. WeBWorK huisoma kama nusu ya x. Kama unataka 2x yote iwe chini, andika 1/(2x).

Kipeo kikiwa kirefu, kifunge pia. e^2x ni e mraba mara x. Ulitaka e^(2x).

Hasi ina mtego wake. -3^2 ni -9, kwa sababu kipeo hufanya kazi kabla ya alama ya hasi. Ukitaka 9 andika (-3)^2. Hili huwanasa zaidi wanaoweka namba hasi kwenye kanuni ya mlinganyo wa kipeo cha pili, pale kwenye b^2.

Na hesabu mabano: yaliyofunguka yawe sawa na yaliyofungwa. Mabano ya ziada hayamdhuru mtu, yaliyopungua ndiyo yanayoua.

HATUA YA 6. Alama nyingine, haraka haraka. Kuzidisha ni nyota: 2*x. Usiseme "lakini 2x inakubaliwa". Mahali pengine inakubaliwa, pengine hapana, nyota haikatazwi popote. Kipeo ni kofia: x^3. Kipeuo cha pili ni sqrt(x), thamani halisi, yaani namba bila alama yake ya hasi, ni abs(x). Namba kubwa: 6.02E23, na kwenye WeBWorK tumia E kubwa, kwa kuwa e ndogo ni ile namba 2.718 na kuendelea. Pembe ni kwa radiani, si digrii, mpaka uambiwe vinginevyo: sin(30) inakupa karibu -0.988, si 0.5. Ukiiona -0.988 popote, ujue tayari umenaswa. Andika sin(30*pi/180).

Logi: ukitaka ya asilia andika ln. Kwenye STACK log(x) nayo ni ya asilia, ile ya 10 ni lg(x). Kwenye WeBWorK maana ya log hutegemea mipangilio ya kozi. Kwa nini ujitafutie mashaka?

HATUA YA 7. Hakiki kabla ya kutuma. WeBWorK ina kitufe cha kukuonyesha jibu lako kama lingechapwa kitabuni, na kukibofya hakuli jaribio. STACK hukuonyesha yenyewe jinsi ilivyokusoma, tena chini yake huorodhesha herufi ilizozikuta kama vigeu. Itazame orodha hiyo. Ikisema imekuta kigeu kinachoitwa xy, maana yake haikuona x mara y, imeona kitu kimoja chenye jina la herufi mbili. Ikisema kuna x na X, umechanganya ndogo na kubwa. Ningekuwa na mazoea haya siku ile, barua pepe ile isingeandikwa.

HATUA YA 8. Tuma, subiri alama itokee, piga picha ya skrini. Kuhifadhi si kutuma.

Maswali karibu. Ya aliyesoma.

———

Swali: Mkuu mfumo umekataa jibu langu, tatizo nini?

Jibu: Jibu gani? Swali gani? Uliandika nini? Mimi si mganga.

Swali: Samahani mkuu. Jibu ni elfu kumi na mbili mia tano. Niliandika 12,500.

Jibu: Haya, sasa tunaongea. Ondoa mkato, andika 12500. Mkato kwenye mifumo mingi hutenganisha majibu, kwa hiyo umeiambia mashine una majibu mawili, 12 na 500. Vivyo hivyo kwa aliyezoea kuandika 3,14 badala ya 3.14. Kwenye Moodle alama ya desimali inaweza kubadilika kulingana na lugha iliyochaguliwa, kwa hiyo soma kilichoandikwa kwenye swali.

Swali: Kwa nini mzigo wote tubebe sisi? Mwanafunzi akiandika x+1/x-2 kila mtu anajua alimaanisha nini. Mfumo ni mbovu tu, sema ukweli.

Jibu: Kila mtu anajua? Kuna swali ambalo jibu lake sahihi ni x + 1/x - 2. Huyo naye aandikeje ili aeleweke? Mimi nilishaandika barua ya "mfumo ni mbovu", nimeeleza hapo juu ilivyoishia.

Swali: Naomba kuelewa kitu. Jibu la mwalimu ni 2(x+1), mimi nikaandika 2x+2, likakubaliwa. Mashine inajuaje kwamba ni kitu kimoja? Imehifadhi majibu ya kila namna?

Jibu: Swali zuri, asante sana. Hapana, haihifadhi. WeBWorK huchukua thamani kadhaa za x, inaziweka kwenye jibu lako na kwenye jibu la mwalimu, kisha inalinganisha matokeo. Yakilingana kote ndani ya ule uvumilivu, umepata. Ni ujanja uleule wa "weka 3 badala ya x". STACK ina njia nyingine: nyuma yake kuna programu ya aljebra inayoitwa Maxima, ambayo inachukua tofauti kati ya jibu lako na la mwalimu na kuirahisisha. Ikibaki sifuri, ni kitu kimoja. Ndiyo maana STACK inaweza pia kuulizwa kuhusu umbo, kwa mfano kama jibu limetafutiwa vigawo au bado. Mwalimu akitaka vigawo, 2x+2 itakataliwa ingawa thamani ni ileile, na hapo usilaumu mabano, rudi hatua ya 2.

Swali: Kwa hiyo WeBWorK inaweza kudanganyika? Vitu viwili tofauti vikalingana kwenye hizo thamani chache?

Jibu: Kwa bahati tupu ni vigumu sana. Lakini kuna mwanya: tuseme jibu ni abs(x) na mwalimu amepanga thamani zote za kupimia ziwe chanya. Ukiandika x utapita, kwa kuwa kwa namba chanya hazitofautiani. Mwalimu makini huweka na hasi. Umenifurahisha na swali hili, wengine igeni.

Swali: sijasoma yote ila nimeandika 3/4x inakataa, msaada wa haraka

Jibu: Hatua ya 5.

Swali: ipi hiyo

Jibu: Yenye herufi kubwa.

Swali: Natumia simu. Nilinakili jibu kutoka kwenye ujumbe wa mwenzangu, nikabandika, likaonekana sawa kabisa herufi kwa herufi, lakini mfumo ukasema hauelewi alama. Nikaandika upya kwa mkono, likakubaliwa. Imekuwaje?

Jibu: Umefanya vizuri kuandika upya. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha alama bila kukuuliza: kistari kifupi cha kutoa kinageuka kistari kirefu, nyota inapotea na maneno yanakuwa ya mlalo, kipeo kinakuwa kitarakimu kidogo cha juu. Kwa jicho ni kilekile, kwa mashine ni alama nyingine kabisa. Simu nayo hupenda kuanza na herufi kubwa, x inakuwa X. (Na swali la kwamba jibu lilitoka kwa mwenzako, hatua ya 3, nimelipita kwa makusudi.)

Mchangiaji: Naongezea hapo. Mimi nilizima usahihishaji wa maneno na herufi kubwa za kujianzia kwenye kibodi ya simu, shida ikaisha. Pia kwenye maswali ya kemia msikimbilie kulaumu mfumo: CO ni monoksidi ya kaboni, Co ni kobalti. Herufi moja tu.

Jibu: Shukrani mkuu. Na watu wa fizikia vilevile: mW ni miliwati, MW ni megawati. Tofauti yake ni mara bilioni moja, halafu mtu anasema "herufi tu".

Swali: sin^-1(x) je? Kwenye kikotoo changu ndivyo ilivyo.

Jibu: Iepuke. Inaweza kusomwa kama kinyume cha sain au kama 1 gawanya kwa sain, na hivyo viwili si kitu kimoja. Andika arcsin(x) au asin(x), kutegemea orodha ya mfumo wako. Sain mraba nayo iandike (sin(x))^2.

Mchangiaji: Kingine, saa. Muda wa mwisho ni wa seva, si wa simu yako. Mimi saa yangu ilikuwa nyuma dakika nne, nikabofya tuma nikijua bado dakika mbili.

Jibu: Pole. Ulipoteza ngapi?

Mchangiaji: Zoezi zima. Mabano yote yalikuwa sahihi.

Swali: Wakuu, yule wa 3/4x nimerudi. Nimeweka 3/(4x) imekubali.

Jibu: Safi. Jaribio la ngapi?

Swali: la mwisho