Mtoto anataka mkondo wa amali? Anzieni karakana

Kila Januari hawakosi wazazi wawili watatu mlangoni kwangu, nyuso zimewasawajika. "Mwalimu, ina maana mwanangu kafeli?" Hapana mama, hajafeli. Mkondo wa amali, yaani sekondari inayofundisha na fani ya kazi, ulioanza Tanzania na kidato cha kwanza cha 2024 katika shule 96, si jalala la walioshindwa elimu jumla. Hisabati na Kiingereza ataendelea navyo kama wenzake wa darasa la jirani, ila juu yake ana fani anayoisoma kwa mikono. Mimi nafundisha useremala, kwa hiyo mifano yangu ni ya mbao, lakini hata kama wako anataka ushonaji, umeme au kilimo, njia ya kuchagua ni ileile.

Kabla hujasaini fomu, nenda shuleni siku ya kazi, saa nne hivi asubuhi. Siku ya mahafali usiende, utaona mapambo tu. Omba kuingia karakana. Ukikuta sakafu inang'aa na vifaa vyote vimefungiwa kabatini, hapo hapafanyiki kazi. Karakana inayofundisha ina maranda chini na mikwaruzo mezani. Shika randa moja, igeuze, utazame kisu chake kama kina kutu. Kisha hesabu jiriwa, vile vibanio vya kushikia mbao mezani, uulize darasa lina watoto wangapi. Michepuo ya miaka ya 1970, ile ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu, ilikuwa wazo zuri. Lililoiua ni karakana kukosa vifaa na walimu. Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na jiriwa nne kwa wanafunzi 48. Wanne wanapiga randa, waliobaki wanatazama. Kijana mmoja alifika kidato cha nne akikueleza kiungo cha mbao kwa maneno mazuri sana, lakini nilipompa msumeno hakuweza kufuata mstari. Mpaka leo inaniuma, maana mwalimu wake nilikuwa mimi.

Ukitoka karakana, kaa na mkuu wa shule. Mbao za mazoezi zinatoka wapi, na nani anazilipia? Mwalimu wa fani ni wa kudumu au wa kuazima? Mtoto atapimwa vitendo na nani, na atatoka na cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, peke yake au na cha VETA, mamlaka ya ufundi stadi, pia? Mkuu anayeijua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Na kama ni binti anayetaka mbao, mwache aje. Wanaonolea wenzao patasi darasani kwangu mwaka huu ni wasichana wawili.

Usikimbilie kununua seti ya vifaa. Futi, skwea ya kupimia pembe mraba na penseli vinatosha mwaka wa kwanza. Kinachomjenga zaidi ni wewe kumwambia, "Hebu niletee ulichotengeneza." Muulize kiungo cha ulimi na tundu, ambapo ulimi wa kipande kimoja cha mbao unaingia kwenye tundu la kingine. Unene wa ulimi huwa theluthi moja ya unene wa mbao, kwa hiyo mbao ya milimita 45 itakuwa na ulimi wa 15. Viunganishe vile vipande viwili bila gundi, kisha inua kimoja. Cha pili kikining'inia bila kuchomoka, kazi imekaa. Kikianguka chenyewe, gundi haitakiokoa. Kikitaka kugongwa kwa nguvu ndipo kiingie, mbao itapasuka. Kipimo hiki hata mzazi ambaye hajawahi kushika randa anakiweza, palepale sebuleni.

Likizo, mpeleke kwa fundi wa mtaani, na uende naye mwenyewe. Mkubaliane mbele ya mtoto: kufagia na kubeba mbao sawa, lakini angalau siku mbili kwa juma ashike kazi halisi, na msumeno wa mashine asiuguse kabisa. Fundi akisema "tutaona", shukuru, tafuta mwingine.

Awe na daftari lake la kazi, tofauti na la shule. Kila kazi aandike tarehe, aina ya mbao, vipimo na muda aliotumia, na apige picha kwa simu yako. Hata kiungo kilichopasuka kipigwe picha, na chini yake aandike kilipasuka kwa nini.