Jiko la bei nafuu: anzeni na kaunta ya zege

Kwa mnaomalizia nyumba huku Nala na Ihumwa: bajeti ikibana, msikimbilie makabati ya MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi. Sinki likivuja kidogo tu yanavimba, na mchwa wa Dodoma hawana huruma. Jengeni vikuta vifupi vya tofali, mwageni slabu yenye nondo, juu marumaru. Mbele tundikeni pazia. Milango itakuja hela ikipatikana.

Kimo msimwachie fundi. Mpishi mwenyewe asimame, akunje mkono, kaunta ije sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Yetu ilikadiriwa kwa macho, mke wangu akawa anaosha vyombo ameinama, mgongo unamuuma, mpaka tukabomoa. Na bomba la maji machafu lilazwe kabla ya zege, jamani!