Somo: Maneno ya Kiingereza yanayoanza na "tele-", na namna ya kuyafungua

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwenye daftari kwamba "telescope" ni kifaa cha kuonyesha vitu vingi. Nilimuuliza ameipata wapi maana hiyo. Akajibu bila kusita: "Mwalimu, si tele ni nyingi?" Hakukosea kufikiri. Alitumia Kiswahili chake, na maji tele, chakula tele ni Kiswahili safi. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyemwambia kuwa hizi ni tele mbili zisizojuana. Somo hili nimeliandaa kwa ajili yake na wenzake.

Hatua ya 1. Shika maana moja tu: mbali. Kiambishi hiki kimetoka Kigiriki, na huko maana yake ni "mbali" au "kwa mbali". Ukikiona mwanzoni mwa neno la Kiingereza, weka kando tele yetu ya wingi.

Hatua ya 2. Kata neno, kisha anza na kipande cha nyuma. Cha nyuma ndicho kinachokwambia kazi yenyewe, na tele- inakwambia kazi hiyo inafanyika kwa mbali. Andika hivi kwenye daftari:

tele + scope: kutazama → kutazama vya mbali
tele + phone: sauti → sauti ya mbali
tele + graph: kuandika → kuandika kwa mbali
tele + pathy: hisia → kuhisiana mkiwa mbali
tele + metry: kupima → kupima kitu kilicho mbali

"Television" ni chotara: kichwa cha Kigiriki, mwili wa Kilatini, maana "vision" ni kuona na imetoka Kilatini.

Hatua ya 3. Lipe neno historia yake. Maana ikishikana na kisa haitoki kichwani. Telegrafu ya mwanzo haikuwa na umeme hata kidogo. Katika miaka ya 1790 Mfaransa Claude Chappe alisimamisha minara juu ya vilima, kila mnara una mikono mikubwa ya mbao. Mtu wa mnara wa pili alitazama mikono imekaaje, akaiga, wa tatu akaiga, hadi habari ikafika mji mwingine. Huko ndiko kuandika kwa mbali, herufi zikiandikwa angani. Waya wa umeme ulikuja baadaye, na mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ukafika Zanzibar. Neno letu "simu" nalo ni la waya: kwa Kiajemi "sim" ni waya. Mgiriki alitazama umbali, sisi tukashika uzi.

Hatua ya 4. Angalia kama tele- imefupishwa. Hapa wengi huanguka. Katika maneno mapya, tele- mara nyingi husimama badala ya televisheni au simu nzima. "Telenovela" ni riwaya ya kwenye televisheni, wala si riwaya ya mbali. "Telemarketing" ni kutafuta wateja kwa simu. Ukifungua maneno haya kwa "mbali" peke yake utapata maana isiyokaa sawa, kwa hiyo jaribu maana zote mbili.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. "Teleology" nimeikuta kwenye kitabu cha falsafa. Ni elimu ya mambo ya mbali?*

Marahaba. Hapana, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuandika. Hiyo imetoka neno jingine la Kigiriki, "telos", yaani mwisho au lengo. Teleolojia hueleza vitu kwa kuangalia vimekusudiwa nini. Ni mtego wa kweli, kwa sababu kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukiona neno la falsafa, fungua kamusi.

*Kwa nini telescope tunaiita darubini, hatukusema teleskopu?*

Swali hili nalipenda mno. Darubini imetoka Kiajemi: "dur" ni mbali, "bin" ni mwenye kuona. Kwa hiyo darubini na telescope ni wazo lile lile kwa lugha mbili, mbali na kuona. Sasa iweke "hadubini" pembeni yake, uone -bini inajirudia.

*"Gram" ya telegram na gramu ya sukari dukani ni moja?*

Asili ni moja. "Gramma" kwa Kigiriki ni herufi, kitu kilichoandikwa. Baadaye likawa pia jina la uzani mdogo. Telegramu ni maandishi yaliyotoka mbali.

*Kaka, mimi shida yangu ni kutamka. Nikisema "telepathy" wananirekebisha.*

Ni kwa sababu Kiswahili chetu hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kiingereza hakifuati njia hiyo. Katika "telephone", "telescope" na "telegraph" kaza mwanzo: TE-le. Neno likiishia na -y, mkazo unahamia silabi ya pili: te-LE-pathy, te-LE-graphy, te-LE-metry. Sema "telegraph, telegraphy" kwa sauti mara kumi, moja baada ya nyingine, na utasikia mkazo ukihama.