Mi, mtoto wa ndege: somo la kufumbua chemshabongo ya mafumbo

Wiki iliyopita niliwawekea wanachama kidokezo hiki, kikakaa siku tatu bila mtu kukifungua:

Mi, mtoto wa ndege, ni mji mkongwe wa pwani (9)

Wengi walijibu Bagamoyo. Bagamoyo ina herufi nane. Wengine Kilwa, na Kilwa ni tano. Namba iliyo kwenye mabano ni hesabu ya miraba, haina msamaha. Leo tunakifungua, ila tuanze na vidogo, maana ukivishika hivyo hiki kitafunguka chenyewe.

Chemshabongo ya kawaida, ile ambayo Arthur Wynne aliichapisha gazetini New York tarehe 21 Desemba 1913, inakuuliza maana tu nawe unajaza. Hii ya mafumbo ilikomaa Uingereza miaka ya 1920, na yenyewe inakupa njia mbili za kulifikia jibu ndani ya sentensi moja. Njia ya kwanza ni maana ya jibu, kama ilivyo kwenye kamusi, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi. Katikati haikai. Kilichobaki ni mchezo wa herufi. Ndiyo sababu naipenda kuliko kitendawili. Kwenye kitendawili mtegaji akilikataa jibu lako, unampa mji yakaisha. Huku unaweza kumthibitishia neno kwa neno.

Hatua ya kwanza: usiifuate hadithi

Samaki walivurugika msimu wa mvua (6)

Ukiisoma unaiona bahari imechafuka na wavuvi wa Msangamkuu wamevuta mitumbwi juu. Achana na picha hiyo, imewekwa ikupoteze. Jiulize maana iko upande gani. Tuseme mwishoni: "msimu wa mvua". Imebaki "samaki walivurugika". Samaki ina herufi sita, na jibu nalo linataka sita. Basi "walivurugika" ni ishara: vuruga herufi.

Sasa chukua penseli uandike S, A, M, A, K, I kwa duara. Usiziandike kwa mstari. Zikiwa kwenye mstari jicho halichoki kusoma samaki; kwenye duara neno linakufa, zinabaki herufi. Anzia M, ruka huku na huku: MASIKA. Ukianzia K utapata KAMASI, neno halali kabisa, lakini kamasi si msimu. Maana ndiyo hakimu.

Hatua ya pili: zijue ishara

"Dawa, limau, ndani mna chakula (4)". Ishara ni "ndani". Sahau koma na nafasi, soma moja kwa moja: daWALImau. Wali. Alama za uandishi hapa ni mitego mitupu.

"Inama, kisha geuka upate utulivu (5)". Inama ukiisoma kutoka nyuma ni AMANI. Hiki nilikipata nikiwa nasubiri kivuko, na hadi leo kinanifurahisha. "Kisha" na "upate" ni maneno ya kuunganisha mchezo na maana, hayatoi herufi.

"Lima kwa kinyume uone utajiri (4)". Aliyekulia pwani amecheza kinyume utotoni, kwa hiyo geuza silabi: MA-LI. Ningependa watungaji wetu waitumie zaidi mbinu hii, kwa sababu silabi za Kiswahili zinageuka vizuri sana.

"Kata kichwa cha mpunga, kisha aga kwa mkono (5)". Ondoa M: PUNGA.

"Hukuna nazi, hula majani (5)". Hapa herufi hazichezewi. Ni maana mbili za neno moja, mmoja yuko jikoni na mwingine malishoni: MBUZI.

Hatua ya tatu: tumia makutano

Katika jedwali langu, MBUZI inashuka kutoka mraba wa kwanza wa kile kidokezo kigumu, na AMANI inashuka kutoka mraba wa saba. Kwa hiyo tuna:

M _ _ _ _ _ A _ _

Tafuta ishara. Hakuna kuvuruga, hakuna kugeuka, hakuna kukata. Pasipo na ishara, mara nyingi vipande vinaungwa kwa kufuatana. "Mi" ni mimi iliyofupishwa, na M ya kwanza inakubali. "Mtoto wa ndege" wengi wenu mliandika kifaranga, na bahati mbaya kifaranga kina herufi tisa kamili, mkaridhika. Lakini kifaranga hakianzi na M, na wala hakimwachii "mi" nafasi.

Sasa litazame neno dogo "ni". Jicho linateleza juu yake kwa kuwa tunalitamka siku nzima. Nalo limewekwa kwa kazi. Tisa, toa mbili za MI, toa mbili za NI, zinabaki tano. Mtoto wa ndege, herufi tano: KINDA.

MI + KINDA + NI. MIKINDANI. A imeangukia mraba wa saba. Na mji mkongwe wa pwani ndio huohuo, kama kilomita kumi kutoka hapa Mtwara, alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Tunapita hapo kwa daladala kila siku.

Usijaze jibu kwa kalamu ya wino mpaka uweze kueleza kila neno limefanya kazi gani.

Zoezi: Mji uliozama kilindini (5)

Maswali ya wanachama

Kutoka Newala: Shikamoo mwalimu. Huku kusini mvua ni msimu mmoja, unaanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Masika na vuli ni mambo ya Tanga na Dar es Salaam. Mtu wa huku atafikaje kwenye masika?

Marahaba. Umenishika pazuri. Maana ikilegea kidokezo kizima kinalegea. Nakiandika upya: "Samaki waliovurugwa na mvua za Machi hadi Mei (6)".

Kutoka Masasi: Mwalimu, "sh" na "ng'" zinachukua mraba mmoja au miwili?

Miwili. Kila herufi na mraba wake, na kile kikoma cha juu hakihesabiwi. KOROSHO ni saba, NG'OMBE ni sita.

Kutoka Mtwara mjini: Nitajuaje nigeuze herufi au silabi? Lima mimi niligeuza herufi nikapata "amil", nikakata tamaa.

Pole, ndugu yangu. Kosa liko kwa mtungaji asiyetofautisha. Mimi nikitaka silabi huandika "kinyume", nikitaka herufi huandika "geuka" au "rudi nyuma". Ukikuta hajatofautisha, jaribu zote mbili: moja itazaa neno, nyingine itazaa takataka kama hiyo amil.

Kutoka Nachingwea: Naomba unikagulie hiki changu. "Mkorosho usio na kichwa una zao (7)".

Ni halali: M imetoka, imebaki KOROSHO, na "zao" ni maana. Udhaifu wake ni kwamba mti na tunda ni shina moja la neno, msomaji atajibu kabla hajakata kitu. Mpunga na punga havina undugu wowote, ndiyo maana kile kinauma. Tafuta jozi ya namna hiyo, kisha nitumie tena.

Kutoka Lindi: Mwalimu, zoezi nimelipata, ila nimekaa nalo tangu mchana. Nilikuwa natafuta mji uliomezwa na bahari. "Mji" ni maana. "Uliozama" ni ishara ya kujificha. Kilindini: ki, LINDI, ni. Kumbe nimo ndani yake.

Sahihi, dada. Na umelieleza neno kwa neno. Jaza kwa wino.