Viota vya mbayuwayu barazani: namna ya kuvishughulikia bila kuua ndege

Hatua ya 1: Mtambue mjenzi
Ngazi iache kwanza, tazama kiota. Kiota cha vidonge vya tope chenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu, kilichobandikwa chini ya zege au dari, mara nyingi ni cha mbayuwayu mwenye michirizi kifuani. Nusu bakuli la tope lililo wazi juu, ukutani, ni la mbayuwayu wa Angola, au yule mwenye mkia wa nyaya mbili ikiwa nyumba iko karibu na maji. Manyoya na majani makavu yaliyogandishwa kwa mate, kiota kimoja kimeshikana na kingine chini ya paa la ghorofa, ni kazi ya teleka. Huyo ni ndege mwingine kabisa, hulala humo hata nje ya majira ya kutaga. Vijifuko vya tope vyenye unene wa kidole? Nyigu.

Wale wanaojipanga kwa mamia kwenye nyaya za umeme kati ya Septemba na Aprili wengi ni wageni wa kutoka Ulaya na Asia. Wanakuja kula, hapa Uganda hawajengi. Usinunue wavu kwa ajili yao.

Hatua ya 2: Hakikisha kama kuna wenyewe
Keti mita 10 hivi kutoka kwenye kiota, asubuhi, kwa nusu saa. Mzazi akiingia akatulia, kuna mayai. Wakipishana kila baada ya dakika chache na wadudu mdomoni, kuna makinda. Bakuli la wazi lichungulie kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye fito. Kile chenye shingo hakichunguliki, na ukiingiza kidole utakibomoa.

Hatua ya 3: Kama wamo, subiri
Kuatamia huchukua wiki 2 na ushei, makinda hukaa wiki 3 hivi, kisha hurudi kulala humo siku kadhaa. Weka hesabu ya wiki 6. Usichelewe baada ya hapo, kwa sababu wazazi wanaweza kutaga tena humohumo mvua ikiendelea. Kama ukarabati hausubiri, wasiliana kwanza na UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda: ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2019.

Tatizo la muda huo ni kinyesi tu. Funga ubao wa upana wa sentimita 30, mita 1 hadi 2 chini ya kiota. Ukiuweka karibu zaidi, paka atapata pa kusimama na ndege wengine watapata pa kujengea. Baraza ikiwa fupi, tandika gunia sakafuni. Usifagie kinyesi kikavu, vumbi lake linadhuru mapafu. Vaa barakoa na glavu, lowesha kwa jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 9, acha dakika 10, kisha futa. Jiki isikutane na asidi ya kusafishia choo. Hutoa gesi ya sumu.

Kiota kikianguka na makinda, watie kwenye kibakuli cha plastiki kilichotobolewa chini, ukifunge palepale. Ukiwa umewashika haidhuru, wazazi hurudi kuwalisha.

Hatua ya 4: Ondoa kilicho kitupu
Kiloweshe kwa bomba la kunyunyizia, subiri tope lilainike, kisha kwangua kwa kisu cha puti. Ukikwangua kikavu utang'oa na plasta. Sugua hadi alama ya tope iishe. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, maana ndege huanzia kwenye alama hiyo.

Hatua ya 5: Ziba
Wanahitaji ukuta wenye mikwaruzo na pembe ya juu. Plasta ya kurusha inawafaa sana, rangi ya mafuta haiwafai. Pigilia wavu wa matundu ya nusu inchi hadi robo tatu, kutoka ukutani hadi ubao wa ukingo wa paa, uvutwe ukaze. Wavu uliolegea hunasa ndege wakafa. Kwa baraza ndogo, kipande laini cha plastiki kilichoegeshwa kwa nyuzi 45 kwenye pembe kinatosha. Gundi ya panya usiiguse kabisa.

Fanya haya Februari au Agosti, kabla ya mvua. Wakikuwahi na tope bado bichi, lioshe kila siku kwa mpira wa maji mpaka wahame. Yai la kwanza likitagwa, rudi Hatua ya 3.

Wenye nyumba kando ya ziwa, Entebbe hasa, wafikirie mara mbili: mbayuwayu ndio wanaokula wadudu wa ziwani wanapozuka kama mawingu. Kiota cha kona ya nyuma, mbali na mlango, mimi ningekiacha.