Unataka kupanga usafiri wa Dar na Pwani wa miaka 20 ijayo? Anzia hapa

Watu wakiambiwa wapange usafiri wa mkoa wanakimbilia kuchora barabara. Acha kwanza. Anza na kujua watu wanalala wapi na watahamia wapi, maana foleni ya leo pale Ubungo ni ya watu waliojenga zamani, ya kesho iko kwenye viwanja vinavyopimwa sasa hivi huko porini.

Fungua sensa. 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, 2022 wakafika 5,383,728, sawa, wameongezeka. Sasa njoo Pwani, kutoka 1,098,668 mpaka 2,024,947 ndani ya miaka hiyo hiyo kumi, yaani karibu mara mbili, na sio wote wameenda kulima mihogo, kuna waliofuata kiwanja cha bei rahisi Kibaha au Mkuranga ila kazi bado iko Kariakoo na Posta. Kwahiyo ramani yako ikiishia mpakani pale Kiluvya umeshafeli kabla hujaanza.

Halafu hesabu abiria, na usitume mtu mmoja na daftari saa nne asubuhi. Nenda saa kumi na moja alfajiri siku ya kazi, rudi jioni, nenda na Jumamosi, nenda na siku ya mvua. Angalia wanaogeuza na gari, yule anayepanda kuelekea mwisho wa ruti ili tu apate siti ya kurudia mjini, ukimhesabu kawaida utadhani kuna abiria wawili wanaoenda pande mbili tofauti kumbe ni mmoja anayelipa nauli mara mbili. Muulize konda wapi wanakatisha ruti na kwanini, hiyo ndo data yenyewe bana, konda anajua gari linakosa watu wapi kuliko mtaalamu yeyote. Hesabu pia wanafunzi walioachwa kituoni, maana aliyeachwa haonekani kwenye tiketi.

Ukishajua watu wanatoka wapi kwenda wapi, shika ardhi. Hili ndo la kupigania kuliko yote. Weka bikoni, yaani nguzo za mpaka, za hifadhi ya barabara, stendi na karakana mapema kabla watu hawajajenga, wananchi waoneshwe mpaka uko wapi na anayetakiwa kulipwa fidia alipwe. Wote tunakumbuka bomoabomoa ya Kimara mpaka Kiluvya 2017, barabara ilipanuka kweli lakini kuna familia zililala nje. Bikoni ni bei chee ukilinganisha na hayo.

Mvua usiiweke mwisho kama kiambatisho. Jangwani ikijaa maji ya Msimbazi, Magomeni na Fire vinakuwa kama miji miwili, na karakana ya mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, ikawekwa bondeni pale pale! Kila njia kubwa unayochora jiulize ikikatika masika watu wanapita wapi, kama jibu ni "watasubiri" basi chora upya.

Kingine ni maungio. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 iliishia Kimara, wa Mbezi na kwingineko akashuka kutafuta gari lingine. SGR, reli mpya ya kisasa, nayo ina stesheni Pugu, nzuri tu, ila treni haifiki mlangoni kwa mtu. Kwahiyo kwa kila kituo kikubwa panga daladala za kulisha, maegesho ya bodaboda na bajaji, taa, choo, njia ya miguu isiyo na matope, na tiketi moja inayokubalika kote. Ukimlipisha mtu nauli tatu kwa safari moja atapanda boda moja kwa moja, na usimlaumu.

Kabla hujanunua mabasi jua yatajaza wapi gesi au yatachaji wapi, na spea zinatoka wapi.

Mwisho waite TANROADS (barabara kuu), TARURA (barabara za mijini na vijijini), LATRA (wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu), watu wa reli na halmashauri za mikoa yote miwili meza moja, mapema, sio siku ya kuzindua. Mpe kila mmoja kazi yake kwa maandishi pamoja na tarehe. Halafu sensa ijayo ikitoka fungua ramani tena, na urudi kituoni saa kumi na moja alfajiri na daftari lako.