Mwalimu wa Kiswahili Marekani: namna ya kuuishi mwaka wa FLTA

Kwa miaka mingi walimu vijana kutoka Kenya na Tanzania wamekuwa wakichaguliwa katika tawi la mpango wa Fulbright linalojulikana kwa kifupi kama FLTA, yaani Foreign Language Teaching Assistant, na kupelekwa kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani kwa miezi ipatayo tisa, kuanzia Agosti hadi Mei. Aliyechaguliwa kwa kawaida hutumia wiki za mwisho akiandaa masomo, ingawa kufundisha ndiyo kazi anayoijua. Kitakachomsumbua ni kuwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja: mpango humruhusu kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki, na papo hapo humtaka asome angalau kozi mbili kila muhula, mojawapo ikihusu Marekani yenyewe. Asiyejipangia siku zake atapangiwa na wengine.

Anza na karatasi. Pasipoti na fomu ya DS-2019, ile inayothibitisha kwamba umo katika mpango, zikae katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, kwa sababu ofisa wa uhamiaji atazitaka kwenye uwanja wa kwanza utakaotua Marekani, hata kama tiketi yako inaendelea hadi mji mwingine. Ukishafika chuoni, mjulishe mdhamini wa viza yako, yaani shirika linalokusimamia katika mpango, na ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni kwamba umewasili, kisha uchapishe kutoka tovuti ya serikali rekodi ya kuingia nchini iitwayo I-94, ukihakikisha kwamba jina lako limeandikwa kama lilivyo katika pasipoti. Subiri siku kama kumi ndipo uende kuomba namba ya Social Security, inayotumika katika malipo na kodi, maana ofisi hiyo huhakiki taarifa za mgeni katika mifumo ya idara nyingine, na anayewahi mno huambiwa arudi siku nyingine. Kadi yenyewe hutolewa bure. Ukiipata, iache nyumbani mahali salama.

Posho ya kwanza huweza kuchelewa hadi karatasi za malipo zikamilike na akaunti ya benki ifunguliwe, kwa hiyo usisafiri bila fedha za kukuvusha mwezi mzima. Zoea mapema kwamba katika majimbo mengi bei inayoonekana kwenye rafu haijumuishi kodi ya mauzo, na kwamba mhudumu wa mgahawani hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Nyumbani watakuwa wakiihesabu posho yako kwa shilingi ilhali wewe unaitumia kwa dola. Ni afadhali kuwaeleza wazazi na ndugu kabla ya kuondoka ni kiasi gani utaweza kutuma na kila baada ya muda gani, kuliko kuanza kujitetea kwa simu mwezi Oktoba. Kuna pia taarifa ya kodi ya mapato, ambayo mgeni mwenye viza ya J-1, yaani viza ya mabadilishano kama yako, huijaza katika fomu ya 1040-NR pamoja na 8843, na tarehe ya mwisho kwa kawaida ni 15 Aprili. Vyuo vingi hutoa msaada wa kuijaza.

Kuhusu nyumba, usimtumie dipoziti mtu usiyemjua kwa ajili ya chumba ulichokiona kwenye picha tu. Mwombe profesa anayekusimamia akutafutie mtu wa kwenda kukiangalia, na kabla ya kutia saini uliza mambo mawili: kama chumba kina kitanda, kwa kuwa vingi hukodishwa vitupu, na nani atakayelipia joto wakati wa baridi.

Sasa darasa. Usishangae likiwa na watu wachache, na usikate tamaa wawili watatu wakiondoka katika wiki za mwanzo, kwani wanafunzi wanaruhusiwa kujaribu kozi na kuiacha. Waliobaki wana sababu tofauti: mmoja anatimiza sharti la lugha ya kigeni, mwingine anajiandaa kwa utafiti Afrika Mashariki, na wa tatu ana bibi anayezungumza Kiswahili ambaye hajawahi kuelewana naye. Kwa maoni yangu, anayewaanzia watu hawa na jedwali la ngeli anawafukuza kwa hiari yake. Waanze kwa kusalimiana, kununua nyanya na kujieleza. Upatanisho wa kisarufi wataukuta ndani ya sentensi wanazozihitaji, na jedwali lije baadaye kupanga kile ambacho masikio yao yamekwisha kukizoea. Wenzako wengi wa idara watataka ueleze maendeleo ya wanafunzi kwa viwango vya ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni Marekani, ambavyo hupima kile mtu anachoweza kufanya kwa lugha badala ya kanuni alizokariri, kwa hiyo visome kabla ya kutunga mtihani wa kwanza.

Muhtasari wa kozi unaowapa siku ya kwanza huchukuliwa kama mkataba. Ukiandika kwamba kazi iliyochelewa hupoteza alama, huwezi kumsamehe mmoja na kumwadhibu mwingine bila kuulizwa. Alama nazo zinalindwa na sheria ya mwaka 1974 iitwayo FERPA, na kwa sababu hiyo hutabandika orodha ya matokeo mlangoni, hutaacha rundo la karatasi zilizosahihishwa kila mtu achambue yake, wala hutamjibu mzazi anayepiga simu kuuliza maendeleo ya mwanawe, hata kama yeye ndiye mlipa ada; huyo mwelekeze kwa msimamizi wako. Mwanafunzi akikuletea barua ya ofisi ya wenye ulemavu inayosema aongezewe muda wa mtihani, mwongezee, na usimuulize anaumwa nini. Watataka kukuita kwa jina lako la kwanza bila utovu wowote wa adabu. Mimi hupendekeza wafundishwe kuita “Mwalimu”, kwa kuwa nalo ni sehemu ya somo.

Jambo gumu zaidi kwa waliolelewa kwetu ni kumkatalia mkubwa. Idara itakuomba maonyesho ya utamaduni, klabu ya mazungumzo, mapishi ya chapati, na hotuba katika shule ya msingi ya jirani, na kila ombi litatoka kwa mtu mwema mwenye mvi. Weka daftari la saa. Zikikaribia 20, mwandikie msimamizi kwa heshima ukimwonyesha hesabu na kumuuliza ni kazi gani ipunguzwe. Barua ya namna hiyo haimkosei mtu heshima.

Miji kadhaa ya Marekani ina jamii za Wakongo na Warundi waliopewa makazi kama wakimbizi, na ibada za Kiswahili si nadra huko. Lexington, Kentucky, ni mfano mmoja. Watafute. Ukiwaalika darasani usiwasahihishe Kiswahili chao mbele ya wanafunzi, kwani darasa linanufaika kusikia kwamba lugha hii ina nyumba nyingi. Hata hivyo, mtu akikupa kazi ya kulipwa ya ukalimani hospitalini au mahakamani, kataa mpaka mdhamini wako aidhinishe kwa maandishi, kwa kuwa kufanya kazi nje ya masharti ya J-1 kunaweza kukufutia viza.

Baridi hujulikana kwa namba: nyuzi 32 za Fahrenheit ndipo maji yanapoganda. Nunua koti zito kwenye duka la mitumba kabla ya Novemba, lakini viatu vya theluji nunua vipya. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na katika majimbo ya kaskazini giza huingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuanzia hapo tofauti ya muda kati ya pwani ya mashariki ya Marekani na nyumbani huwa ya saa nane badala ya saba, jambo la kukumbuka kabla ya kumpigia mama. Sukuma wiki utaiona sokoni kwa jina la collard greens. Unga wa ngano uitwao atta wa maduka ya Kihindi hutoa chapati nzuri, ila unga wa mahindi wa Kimeksiko wa tortilla umetiwa chokaa na hautakupa ugali unaoufahamu. Ukialikwa kwenye Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, nenda, kwani mabweni na kantini nyingi hufungwa. Ukiugua kwa kawaida anza na kliniki ya chuo, kwa sababu chumba cha dharura cha hospitali hutoza fedha nyingi hata kwa mwenye bima. Kwa hatari ya kweli piga 911.

Ukitaka kutoka nje ya Marekani katikati ya mwaka, hata kwenda Kanada tu, DS-2019 itiwe saini ya mdhamini kwanza. Mpango ukiisha una siku 30 za kuondoka, na unatakiwa uishi nchini kwako jumla ya miaka miwili kabla ya kupata viza ya ajira ya H au ukaazi wa kudumu. Sharti hilo halizuii viza ya mwanafunzi, hivyo anayekusudia kurudi kusoma shahada ya uzamili awaombe maprofesa barua za mapendekezo kabla ya Aprili, wakati bado wanaiona kazi yake darasani.